Zimwi la sekunde tatu: katuni yako ya kwanza kwa karatasi na simu

Nitumie programu gani? Ninunue tableti ya shilingi ngapi? Nina stori ya dakika ishirini, nianzie wapi? Anayechora katuni kwa kujifurahisha, akishamaliza filamu ya katuni au gemu ya mazimwi na mapanga na mikono ikaanza kumwasha, huuliza hayo matatu. Majibu ni mafupi. Programu ya bure kwenye simu uliyonayo inatosha. Tableti usinunue bado. Stori ya dakika ishirini iweke kabatini: kwa michoro 12 kila sekunde, hiyo ni michoro 14,400, na hata ukichora 20 kila jioni bila kukosa utatumia karibu miaka miwili.

Mwongozo huu ni wa sekunde 3 tu. Zimwi moja, kitendo kimoja: linapiga chafya. Ni michoro 26, na kwa mtu anayerudi nyumbani jioni na foleni ya Barabara ya Mandela ya Dar es Salaam mwilini, ni kazi ya wiki moja au mbili. Chafya tumeichagua kwa makusudi. Ina kujiandaa, ina tukio lenyewe, ina kutulia, na zimwi halihitaji kutembea. Kutembea ndiko kunakowakatisha tamaa wengi, kwa hiyo kutasubiri.

Vitu vya kuwa navyo

Karatasi nyeupe za A4 za gramu 80, zisizopungua 60, zote kutoka pakiti moja. Ukichanganya pakiti mbili, weupe wake hautafanana, na katuni itawaka na kufifia kila karatasi inapobadilika.

Penseli ya rangi ya bluu hafifu kwa mistari ya awali, penseli ya HB au 2B, kifutio, rula, na kalamu nyeusi ya ncha ya milimita 0.5 yenye wino usiosambaa. Kalamu ya kawaida ya shule haifai, maana inaacha vidonda vya wino pale mkono unaposimama.

Mashine ya kutobolea karatasi ya matundu mawili, ile ya ofisini. Matundu yake huwa na upana wa milimita 6, na kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine ni milimita 80. Pima ya kwako kabla ya kutoboa ubao.

Bolti mbili nene za milimita 6, urefu wa milimita 16. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi omba za spana namba 10. Pamoja nazo, ubao wa sentimita 40 kwa 4, unene milimita 12.

Kioo cha milimita 5, sentimita 40 kwa 30. Fundi vioo akukatie na akusagie kingo. Usikichukue bila kusagwa, kwa sababu mkono wako utalala juu yake saa nyingi.

Taa ya LED ya kuangaza kutoka chini ya kioo, taa nyingine mbili za kupigia picha, simu yenye kamera, na earphone za waya zenye kitufe cha sauti.

Programu: kwenye simu, Stop Motion Studio toleo la bure linatosha. Kwenye kompyuta kuna Krita, ambayo ni ya bure kabisa na ina sehemu ya kutengeneza katuni. Faili lake linazidi MB 100, basi lishushe ukiwa na bando la kueleweka.

Vifaa hivi vyote vinapatikana kwa mzunguko mmoja wa Kariakoo na Gerezani. Kioo ndicho kiache mwisho, usije ukapanda nacho daladala huku umebeba na vitu vingine.

Hatua kwa hatua

1. Angalia filamu kwa kuisimamisha

Filamu za katuni huenda kwa fremu 24 (yaani picha moja moja) kila sekunde, lakini mchoro mmoja mara nyingi hukaa fremu 2, hivyo michoro halisi ni 12. Katuni nyingi za Kijapani huacha mchoro ukae hata fremu 3. Hili uone kwa macho yako. Fungua filamu kwenye programu ya VLC ya kompyuta, simamisha, kisha bonyeza herufi E: kila ukibonyeza inasogea fremu moja mbele. Kwenye YouTube, ukishasimamisha video, kitufe cha nukta kinasogeza mbele na cha mkato kinarudisha nyuma. Kwa anayetumia simu peke yake, ingiza kipande cha video kwenye programu yoyote ya kuhariri, uburute taratibu kwa kidole.

Tafuta kipande cha sekunde 2 ambacho mhusika anapiga chafya, anarusha kitu au anashtuka. Chora vijipicha vya mistari tu, kila kimoja si zaidi ya sentimita 4, na chini yake andika kimekaa fremu ngapi. Utagundua kwamba maandalizi yanachukua muda mrefu kuliko tukio lenyewe, wakati mwingine mara tano. Shika hilo, tutalitumia hatua ya 6.

Gemu nazo zinafundisha, ila chagua unachoangalia. Mhusika unayemwongoza wewe hana maandalizi ya kutosha, kwa sababu lazima aitikie kitufe papo hapo. Ukimwiga, katuni yako itakuwa ya kushtukashtuka. Mwalimu ni adui, hasa bosi mkubwa wa mwisho. Anainua rungu polepole na kulishikilia juu ili mchezaji apate nafasi ya kukwepa, na hapo ndipo utakapojifunza kupanga muda. Simama mbali naye, mwache apige hewa mara kadhaa, chora. Ukifa, umekufa kwa ajili ya sanaa.

Na si lazima kila jioni iwe darasa. Siku nyingine cheza tu.

2. Buni zimwi kwa kivuli

Usianze na macho wala meno. Chora maumbo 10 madogo na uyajaze weusi mtupu, kama kivuli ukutani. Yaweke mbali, urudi nyuma hatua tatu. Linalotambulika kichwa kiko wapi, mikono iko wapi na linaangalia upande gani, ndilo lako. Mengine yote, hata kama unayapenda, hayatasomeka yakianza kusogea.

Kosa la kawaida ni kuchora zimwi la kwenye gemu uliyoicheza wiki iliyopita: pembe mbili, mabawa ya ngozi, mkia wenye mshale. Dar ina malighafi bora kuliko hiyo. Nenda soko la samaki la Feri asubuhi na daftari dogo. Angalia pweza: mboni ya jicho lake ni mfereji uliolala, na vikombe vya kunyonyea vinapungua ukubwa kadiri mkono unavyoelekea nchani. Angalia kaa anavyokunja mguu: kila kiungo kinapinda upande mmoja tu, cha pili yake kinapinda kwingine, na ndiyo maana mguu mzima unaweza kwenda popote. Samaki taa anakupa bawa ambalo hakuna gemu inayolo. Kisha pita Mwenge kwa wachonga vinyago, uangalie kazi za Kimakonde za mtindo wa shetani: jicho moja, mkono unaogeuka kuwa shingo, mdomo uliofika tumboni. Omba ruhusa kabla ya kuchora kazi ya mtu, na usinakili kinyago kizima. Unatafuta wazo la umbo.

Kwa mfano wetu tuseme ni zimwi la mikokoni: mwili mmoja mnene kama mtungi, mikono miwili mirefu, masikio mawili ya kuning'inia, na pua kubwa. Pua ni lazima, ndiyo itakayopiga chafya.

Tahadhari: hesabu mistari. Kila mstari utakaouweka utauchora mara 26. Milia 15 mgongoni ni milia 390, na hakuna hata mmoja utakaokaa pale pale mara mbili. Mwili mzima wa zimwi usizidi mistari 25.

3. Tengeneza karatasi ya vipimo

Karatasi moja, zimwi mara tatu: mbele, ubavu, na robo tatu, yaani limegeuka nusu kati ya mbele na ubavu. Pitisha mistari mirefu ya rula kutoka umbo la kwanza hadi la tatu: juu ya kichwa, macho, ncha ya pua, kiwiko, nyayo. Andika urefu wake kwa vichwa, tuseme vichwa vitatu na nusu. Bandika karatasi hiyo ukutani mbele ya meza. Bila hiyo, zimwi la mchoro wa 20 litakuwa binamu wa zimwi la mchoro wa kwanza.

4. Tengeneza sanduku la mwanga

Seremala wa mtaani atakupigia sanduku la plaiwudi, sentimita 42 kwa 36, mbele lina kimo cha sentimita 10 na nyuma 18, ili kioo kilale kwa mshazari na shingo yako isiume. Ndani lipake rangi nyeupe au bandika karatasi nyeupe. Taa inakaa chini, karibu na ukuta wa nyuma. Chini ya kioo bandika karatasi mbili nyeupe za A4, zikigusana ubavu kwa ubavu bila kupandana, ili mwanga usambae na usione doa moja kali la taa.

Tumia LED. Balbu ya zamani ya waya inachemsha kioo, na kwa joto la Januari hutamaliza michoro mitatu bila jasho kudondoka kwenye kazi. Taa ya kuchaji ni nzuri zaidi, maana umeme ukikatika wewe unaendelea.

Sasa ubao wa bolti, hapa fanya kwa utulivu. Weka alama mbili katikati ya ubao, milimita 80 kati yake. Upande wa chini, chimba kila alama kwa drili ya milimita 12, kina milimita 5, ili kichwa cha bolti kizame. Kisha toboa hadi juu kwa drili ya milimita 6. Pitisha bolti kutoka chini, tia gundi. Juu zitachomoza milimita 9. Zungushia kila moja selotepu mzunguko mmoja ili meno ya bolti yasile karatasi. Funga ubao kwenye ukingo wa mbele wa sanduku, uso wake uwe sawa kabisa na uso wa kioo. Ukipanda juu hata milimita 2, karatasi itapinda pale pale unapochora miguu.

Huna hela ya sanduku sasa hivi? Kioo cha dirisha mchana kinafanya kazi, na ubao wa bolti ukabandikwa kwa selotepu. Mkono utachoka, lakini katuni itapatikana.

5. Toboa karatasi zote siku moja

Karatasi ilale kwa upana, matundu yawe upande mrefu wa chini. Toboa karatasi 3 au 4 kwa mkupuo, si zaidi. Ukizidisha, za chini zinateleza na matundu yanakwenda kombo. Kabla ya kubonyeza, hakikisha alama ya katikati ya karatasi imelingana na alama ya katikati ya mashine. Mashine nyingi zina mshale mdogo wa kukuonyesha.

Ivalishe karatasi moja kwenye bolti uichezeshe. Ikitikisika, ongeza selotepu kidogo kwenye bolti. Ikigoma kuingia, usilazimishe, punguza selotepu. Tundu likishachanika, karatasi hiyo haina kazi tena.

Kwenye karatasi moja ya akiba chora kwa kalamu nyeusi mstatili wa sentimita 24 kwa 13.5, ukiacha sentimita 2 kutoka ukingo wa juu. Huo ndio uwanja wako, na unalingana na umbo la skrini. Karatasi hiyo ikae chini ya nyingine zote, na zimwi lisitoke nje yake.

6. Panga muda kabla ya kuchora

Sekunde 3 kwa michoro 12 ni nafasi 36. Ziandike hivi:

Nafasi 1 hadi 6: limesimama, pua inawasha. Michoro 2 tu, namba 1 na 2, inayopokezana.
Nafasi 7 hadi 16: linavuta pumzi, kichwa kinarudi nyuma, kifua kinajaa. Michoro 10.
Nafasi 17 hadi 20: limefika juu kabisa, macho yamefumba, linatetemeka. Michoro 2, namba 17 na 18, inayopokezana.
Nafasi 21 na 22: chafya. Michoro 2.
Nafasi 23 hadi 30: kichwa kinarudi, masikio yanafuata. Michoro 8.
Nafasi 31 hadi 36: limetulia, linapepesa. Michoro 2, namba 31 macho wazi na 33 yamefumba. Mpangilio wake: 31, 31, 33, 31, 31, 31.

Chafya yenyewe ni moja ya sita ya sekunde. Mgeni wa kazi hii huipa nafasi 8 kwa kuionea huruma, kisha anashangaa kwa nini zimwi linaonekana kama linainama kuokota kitu.

Kila mchoro upewe namba ya nafasi yake ya kwanza, kwenye kona ya chini kulia, kabla hujachora chochote. Feni ikizipeperusha, utashukuru.

7. Chora picha kuu nne

Kwa penseli ya bluu, chora namba 1, 16, 22 na 31, hizo tu. Zungushia duara namba zake.

Namba 1, limesimama kwa kuegemea kidogo. Namba 16, kichwa nyuma kabisa, kifua mbele, mabega juu, masikio yananing'inia nyuma. Namba 22, kichwa kimeshuka hadi karibu na magoti, mwili umebanwa: ukiupunguza kimo, uupanue pembeni, la sivyo zimwi litaonekana limepungua uzito. Masikio kwenye 22 bado yako juu nyuma, hayajapata taarifa. Namba 31 inafanana na 1, ila macho yamechoka.

Vidole vyako vipite kati ya karatasi hizo nne, uzipekue mbele na nyuma. Chafya inasomeka? Kama haisomeki kwa picha nne, picha 22 za kati hazitaiokoa. Zidisha 16 na 22, zipinde zaidi ya unavyoona haya kuzipinda, kisha pekua tena.

8. Jaza picha za kati

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapokosea kwa kufuata namba: 7, halafu 8, halafu 9. Ukienda hivyo, kosa dogo la 7 linarithiwa na 8, linakua kwenye 9, na ukifika 15 haiungani na 16. Daima nenda katikati.

Weka namba 1 na 16 kwenye bolti, karatasi tupu juu yake, washa taa. Chora namba 11 katikati yake. Kisha 9, kati ya 1 na 11, lakini isogeze iwe karibu zaidi na 1. Kisha 14, kati ya 11 na 16, lakini isogeze karibu na 16. Jaza 7, 8, 10, 12, 13 na 15 kwa mtindo huo huo: michoro inasongamana mwanzoni na mwishoni, inaachana katikati. Kitu chenye uzito huanza polepole na kusimama polepole. Ukiacha nafasi sawa kati ya michoro yote, utapata roboti.

Kichwa hakiendi kwa mstari ulionyooka, kinakwenda kwa upinde. Weka nukta nyekundu kwenye ncha ya pua ya kila mchoro, panga karatasi zote juu ya taa, na uangalie nukta zinavyofuatana. Ikiwa moja imetoka nje ya njia, mchoro huo ndio unaorusha macho. Urekebishe huo peke yake. Karatasi za gramu 80 zinapitisha mwanga vizuri hadi tano hivi, basi angalia tano tano.

Namba 21 iko kati ya 16 na 22, na ni ya ajabu: kichwa kinavutika kama ubani wa kutafuna, mara moja na nusu ya urefu wake. Ukikiangalia peke yake utasema ni kibaya. Kikipita kwa moja ya kumi na mbili ya sekunde, jicho linakiona kama kasi. Tone chache za chafya zianze hapa, ziishie 24.

Kutoka 23 hadi 30, kichwa kinapanda, kinapita kidogo usawa wake kwenye 26, kisha kinarudi. Masikio yachelewe michoro miwili nyuma ya kichwa: kichwa kikifika juu, masikio ndiyo kwanza yanaanza kupanda. Namba 2 na 18 hazina mambo: ni nakala za 1 na 17, pua imesogea milimita 2 au mabega milimita 1. Na 17 yenyewe ni nakala ya 16 yenye macho yaliyofumba.

Weka kipande cha karatasi chini ya kiganja muda wote. Jasho la Dar linanyanyua nyuzi za karatasi, na wino ukipita hapo unasambaa.

9. Pitisha wino

Karatasi mpya au ile ile, uamuzi ni wako. Ukipitisha juu ya bluu hafifu, kamera itaiona kidogo, na unaweza kuifuta baadaye kwa kuongeza mwanga wa picha. Pitisha wino mchoro mzima kwa mkao mmoja, na mistari ya nje iwe minene kidogo kuliko ya ndani. Fuata mpangilio ule ule wa kuruka: 1, 16, 22, 31 kwanza. Mkono hubadilika kadiri unavyochoka, na ukienda kwa mfululizo uchovu huo utaonekana mwishoni mwa katuni.

10. Piga picha

Zima taa ya sanduku. Ingiza karatasi 3 tupu kwenye bolti zikae chini ya michoro muda wote, ili giza la sanduku lisionekane. Inua upande wa mbele wa sanduku kwa sentimita 8 za vitabu. Bila hivyo uso utabaki na mshazari, na zimwi litakuwa na kichwa kikubwa na miguu myembamba. Lipe sanduku nafasi kati ya viti viwili, weka ubao mwingine juu ya viti, na simu ilale juu ya ubao huo kamera ikichungulia pembeni, juu ya karatasi. Iwekee kitabu kizito isisogee.

Taa mbili, kushoto na kulia, kwa mshazari. Funga mapazia. Wingu likipita mbele ya jua katikati ya kazi, michoro yako nusu itakuwa ya asubuhi na nusu ya jioni.

Bonyeza skrini kwa muda mrefu mpaka kamera ifunge mwanga na fokasi, kisha pandisha mwanga kidogo. Kamera ikiona karatasi nyeupe tupu hudhani kuna mwanga mwingi na kuifanya ya kijivu. Ukiona mistari myeusi inapanda au kushuka kwenye skrini, ni mapigo ya taa: umeme wetu ni wa 50 Hz, hivyo weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde.

Piga kwa kitufe cha sauti cha earphone, usiiguse simu. Zima feni, ndiyo, izime; ndiyo maana kazi hii hufanywa usiku au alfajiri.

11. Unganisha, tia sauti

Kwenye programu weka fremu 12 kwa sekunde. Panga kwa ratiba ya hatua ya 6, ukinakili fremu zinazorudiwa, mpaka zitimie 36. Zisipotimia 36, kuna uliyoiruka.

Sauti rekodi ukiwa umeingiza kichwa na simu kwenye kabati la nguo. Nguo zinameza mwangwi, na zinapunguza bodaboda na muziki wa jirani. Mlio wa chafya uanze kwenye nafasi ya 21. Ukichelewa kwa nafasi moja hakuna atakayejua. Ukitangulia, kila mtu atajua.

Ikigoma

Katuni nzima inatetemeka: bolti zimelegea au simu ilisogea. Angalia fremu ya kwanza na ya mwisho. Kama kona za uwanja hazilingani, simu ndiyo mhalifu, piga upya. Kama zinalingana, ni matundu.

Mistari peke yake inachemka huku zimwi limetulia: hiyo ni kawaida ya mkono, na wengine wanaipenda. Ukitaka ipungue, tumia mchoro mmoja badala ya kuchora upya pale ambapo hakuna kinachosogea.

Inameremeta: mwanga haukufungwa, taa ya kuchaji iliishiwa katikati, au umeme ulipungua nguvu. Chaji ijae kabla ya kuanza.

Zimwi linakua au kusinyaa: hukurejea karatasi ya vipimo. Pima kichwa kwa rula kwenye 1, 11, 16 na 30, utapata mahali lilipoanzia.

Miguu inateleza sakafuni: uliichora upya kila mara kwa macho. Kwenye michoro ambayo miguu haitoki mahali pake, iige moja kwa moja kutoka namba 1 juu ya taa.

Linakwenda haraka mno na limeisha kwa sekunde moja na nusu: umetoa video kwa fremu 24. Rudi kwenye 12, au kila fremu iirudie mara mbili.

Karatasi zinajikunja: unyevu, hasa Machi hadi Mei. Zilaze chini ya vitabu usiku kucha, na zile ambazo hazijatumika zibaki kwenye pakiti iliyofungwa.

Chafya haina nguvu: usiguse 21 na 22. Rudi kwenye 16, lipeleke kichwa nyuma zaidi, na ongeza nafasi mbili za kulishikilia pale juu.

Ukitaka kuirusha mtandaoni, zimwi liwe lako na sauti iwe yako. Kumchora mhusika wa filamu au gemu kwa mazoezi nyumbani ni jambo moja. Kumchapa kwenye fulana na kumuuza ni jambo jingine, na sheria ya hakimiliki ya Tanzania, ambayo Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) ndiyo inayoisimamia, inamlinda mwenye kazi kama itakavyokulinda wewe na zimwi lako.

Michoro 26 usiitupe. Ipange kwa namba, uifunge kwenye bahasha ya A4 pamoja na karatasi ya vipimo na ratiba ya nafasi, andika juu jina la zimwi, na iweke kwenye rafu ya juu, mbali na ukuta unaovuja na mbali na mchwa. Namba 1 utaihitaji tena siku zimwi hilo litakapoanza kutembea.